Mpira wa Hewa wa Gari la Papa

Gari la Papa, yaani baba yangu, lilikuwa kamioneti ya Kifaransa, gari dogo la mizigo lenye rangi ya chai ya maziwa. Katika miaka ile ya Zaire, mtu mwenye gari linalotembea Kalemie alijulikana kuanzia bandarini hadi ng'ambo ya mto Lukuga, na mimi nilijulikana kuliko wengi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeliendesha, nami ni mwanamke. Watu walisimama kando ya barabara wakichungulia kama hakuna mwanamume aliyejificha chini ya usukani. Sikuwajali. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mtu aliyezoea kunyamazisha darasa zima mchana wa joto hashindwi na wacheka ovyo wawili watatu wa barabarani.

Kazi hiyo ya udereva sikuiomba. Papa alikuwa fundi wa reli. Ujana wake na utu uzima wake vyote aliviacha katika atelye, ile karakana ya kutengenezea treni. Alipostaafu alilinunua gari hilo kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, akaliendesha kwa furaha miaka michache. Kisha macho yakaanza kumsaliti. Asubuhi moja alilipeleka gari taratibu, kwa adabu zote, mpaka katikati ya ndoo za mama mmoja aliyekuwa akiuza mawese sokoni. Hakuna aliyeumia ila ndoo. Papa akazima injini, akashuka, akamwomba yule mama msamaha, akanunua kila ndoo iliyopondeka, halafu akanikabidhi ufunguo.

"Kuanzia leo, Mama, weye njo shofere," aliniambia. Kwetu baba humwita binti yake Mama, hasa anapotaka kumtwisha mzigo.

Daktari wa misheni alikuwa amemwambia kwamba macho yake yanafunga polepole, na dawa ya kuyafungua hakuna. Papa alituletea habari hiyo kama mtu anayetuambia sabuni imeadimika. Lakini wiki hiyo hiyo akatangaza kwamba tutakwenda Moba, juu milimani, kwa dada yake mkubwa. Huyo shangazi yangu ndiye aliyembeba Papa mgongoni baada ya mama yao kufariki, akamlisha na kumsomesha kwa maharagwe aliyoyalima kwa mikono yake. Hawakuwa wameonana tangu mimi nikiwa mwanafunzi.

"Nataka nione uso ya yaya yangu mbele macho haijafunga," alisema. Yaya kwetu ni dada mkubwa. "Sauti yake nitaisikiaka hata nikiwa kipofu. Uso, hapana."

Kwenda kwa mashua haikuwezekana. Mashua inakushusha bandarini Moba, na kutoka hapo hadi kijijini kwa shangazi ni siku nzima ya kupanda mlima kwa miguu, jambo gumu kwa mtu asiyeona anapokanyaga. Ilikuwa gari, au tusiende kabisa. Tena tulikuwa katikati ya kiangazi: mvua zikianza, barabara ya milimani inakatika, na hapo ni kungoja kiangazi kingine. Papa hakuwa na kiangazi kingine cha kungojea.

Na ndipo mpira wa hewa ukapasuka.

Nieleze ni mpira gani, maana na mimi kabla ya mwaka ule nilikuwa sijui kama upo. Ulikuwa bomba la mpira mweusi, nene kama kifundo cha mkono wangu, lililopinda mara mbili: kwanza kushoto, kisha chini. Upande mmoja ulishika sanduku la chujio linalozuia vumbi, upande wa pili ulishika kabureta. Hewa yote ambayo injini inavuta ilipita humo. Ukipasuka, injini inavuta vumbi moja kwa moja, na vumbi la barabara ya Moba wakati wa kiangazi lingeisaga injini ile ikawa unga kabla hatujafika nusu ya safari.

Nilidhani ni jambo la siku mbili. Nilikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikakivalisha pale, nikakifunga kwa kamba za mpira, nikajipongeza. Papa alikipapasa, akacheka kidogo.

"Itanyonywa," akasema.

Nikawasha. Injini ikavuta hewa mara moja, ule mpira laini ukagandamana wenyewe kwa wenyewe, na gari likazima kwa kikohozi. Nikaenda kwa fundi wa mabati, akanitengenezea bomba zuri la bati la kopo la maziwa, limeungwa kwa risasi, linang'aa. Lilidumu mpaka kwenye mlango wa shule. Injini inatikisika na chujio limetulia, na bati halijui kukaa kati ya wawili wa namna hiyo, likachanika. Mwishowe tukaurudisha mpira wa zamani, tukaufunga bendeji za mpira kama mgonjwa wa kuvunjika mguu, na kwa hizo bendeji gari likaweza kunipeleka kazini na kunirudisha, polepole. Kwa Moba haikutosha.

Nikaanza kuzunguka madukani. Kila mahali nilipoingia waliniletea mpira wowote waliokuwa nao, wa trekta, wa pampu ya maji, wa mashine ya kusaga mahindi, na kila mahali waliniambia neno moja: "Itaenea tu, Mama mwalimu." Itaenea! Mji mzima uliniambia itaenea. Hakuna hata mmoja ulioenea. Nilifika mahali pa kumuuliza muuzaji mmoja kama viatu vyake mwenyewe alivinunua kwa mtindo huo, naye akaniambia ndiyo, akanionyesha. Kweli vilikuwa vikubwa.

Aliyetuokoa, au niseme aliyeanza kutuokoa, alikuwa jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, aliyefanya biashara ya kuvuka ziwa. Alipeleka mawese Kigoma na kurudi na sabuni, sukari na vitenge. Kigoma, alisema, kuna watu wanaouza vipande vya magari ya kila aina, vimepangwa chini kama nyanya.

"Munipe tu mufano," akasema. "Nitamuonyesha muntu wa kule, atanitafutia ya namna moja."

Mfano tulikuwa nao, umo garini na bendeji zake. Lakini Papa akakataa katakata.

"Ku atelye, piyesi ya zamani haitokaki mbele ya mupya kuingia," akasema. "Ikitoka, unabakia na shimo."

Hiyo ilikuwa sheria ya karakana yake, kipuri kipya kiwepo kwanza ndipo cha zamani kiondoke, na Papa aliishika kuliko amri za Kanisa. Alikuwa na kisa cha kuitetea: zamani mtu mmoja alituma valvu ya kichwa cha treni Kabalo ili wamtafutie mwenzake, valvu ikapotea njiani, na kichwa cha treni kikakaa miezi mdomo wazi. Kisa hicho nilikisikia mara nyingi sana hata nilikuwa namsaidia kukimalizia. Nilimwambia mpira si valvu. Nilimwambia Kigoma si Kabalo. Akaniambia shimo ni shimo.

Basi tukaamua kutengeneza mfano wa mfano. Mti ni mgumu kuchonga, udongo ungevunjika mashuani. Mimi ndiye niliyetoa wazo la muhogo, na sina wa kumsingizia. Nilikuta sokoni muhogo mmoja mbichi uliopinda karibu kabisa na ule mpira, kama ulikua ardhini ukiwaza gari letu. Jumamosi mchana tukakaa uani, mimi na kisu cha jikoni, Papa na mpira wa zamani mapajani, ameuruhusu kutoka garini kwa mchana huo tu. Nilichonga, naye akapima kwa kidole gumba. "Punguza hapa. Weka kwanza. Punguza tena kidogo, kidogo, hapo!" Alipapasa ule muhogo kama alivyopapasa vyuma vyake ujanani, na kwa muda ule hakuhitaji macho hata kidogo. Nilimwona amefurahi. Na mimi nilijiona fundi. Ulikuwa muhogo mzuri kweli, mweupe, laini, na mipindo yote miwili mahali pake.

Nikauosha, nikaufunga katika kitambaa safi ili usikauke, nikampa jirani. Sasa fikiria watu watatu wazima, wote wa Kalemie, wote tumekula muhogo mtamu mbichi tangu tunaota meno, na hakuna kati yetu aliyejiuliza muhogo uliomenywa, ukaoshwa na kufungwa vizuri kwa kitambaa unaitwaje na msafiri mwenye njaa.

Jirani alikawia zaidi ya wiki. Aliporudi aliingia kwetu bila kelele zake za kawaida, akakaa, akaiangalia ardhi ya ua.

"Papa," akasema, "mufano yako walikula."

"Nani alikula?" Papa akauliza.

"Mashua ilizimika katikati ya ziwa, tukaelea siku muzima. Karibu yangu kulikuwa mama moja mwenye kunyonyesha. Nilisinzia kidogo tu. Kuamuka, ananiambia, asante sana Mama, muhogo yako iko tamu. Ilibakia kipande ya chini."

"Na ulifanya nini?"

"Nilifika nayo Kigoma hivyo hivyo. Nikamuonyesha muuzaji, nikamuambia natafuta piyesi ya gari ya namna hii. Akaniuliza kama miye muzima wa akili."

Papa alicheka mpaka akashika mbavu, akakohoa, akaomba maji, akacheka tena. Mimi sikucheka. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Wiki mbili zilikuwa zimepita, upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kubadilika, na asubuhi mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa kusini. Nilimwambia jirani kwamba siku nyingine nitampa jiwe, tuone nani atalila. Nilimwambia na mengine ambayo mwalimu hafai kuyasema. Yeye, masikini, alifungua tu furushi lake akatoa alichotuletea kwa kukisia: bomba la mpira jeusi, nene, limenyooka kama rula.

"Nilisema labda itaenea," akasema kwa sauti ya chini.

Hapo nilitaka kulia. Papa akanyoosha mkono, akalichukua lile bomba, akaligeuza geuza. Halafu akaniita karibu.

"Mama, funga jicho moja. Lile lingine weka hapa."

Akaniwekea bomba jichoni. Nikaona kiduara kidogo tu cha ua wetu: mguu wa kiti, sahani, kipande cha ukuta. Ilinibidi nizungushe kichwa kumtafuta jirani, na nilipompata nilipata kitambaa chake cha kichwani, kisha bega, hakuingia mzima.

"Njo hivi niko naona," Papa akasema. "Kila mwezi bomba inakuwa mudogo."

Alisema hivyo hivyo tu, kama anayenieleza kazi ya chombo. Nilikuwa naishi naye nyumba moja, namkatia nyama, namwonyesha ngazi, na sikuwa nimejua. Nilidhani ni ukungu, kama kioo kichafu. Sikujua kwamba kila siku anakaa mezani nasi anatutafuta mmoja mmoja. Hasira zangu ziliniishia pale pale, na kilichobaki kilikuwa woga. Nilihesabu kichwani majuma hadi mvua, nikaona hayatoshi.

Papa akanyanyuka. Akatembea kwa kupapasa ukuta mpaka kwenye gari, akafungua boneti, akainama. Tulimsikia akifungua bendeji moja moja. Aliporudi alikuwa na mpira wa zamani mkononi, umepasuka, umechoka, una mafuta. Akaufuta kwa taulo lake, akauzungushia taulo hilo hilo, akampa jirani.

"Hii hakuna mwenye ataikula," akasema.

Jirani akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Alikijua kisa cha Kabalo kama sisi sote tulivyokijua. "Papa, na shimo je?"

"Shimo itangoja," akajibu.

Mashua iliondoka Alhamisi. Kuanzia siku ile gari lilikaa uani boneti juu, nami nikawa naenda shuleni kwa miguu, jambo lililowapa wale wacheka ovyo wa barabarani kazi mpya. Jioni Papa alikaa nyuma ya nyumba, upande wa ziwa, akisikiliza. Mtu wa reli alikuwa amejifunza mashua zote kwa sauti za injini zao. "Ile ya samaki," alisema. "Ile ya Uvira. Hapana, siyo." Niliacha madaftari ya wanafunzi nikaenda kukaa naye, ingawa mimi nilisikia vuru vuru moja tu isiyo na jina. Wiki ikaisha. Jumapili, tukitoka misa, matone makubwa yalianguka barabarani, machache, yakaacha alama kwenye vumbi na kukoma. Watu walishangilia, maana joto lilikuwa limezidi. Mimi niliyachukia matone yale moja moja. Papa alinyoosha kiganja, akapokea tone, akakifunga.

Nilimwambia nikamkodie wabebaji pale bandari ya Moba, wamchukue kwa machela. Akasema yeye si gunia la chumvi.

Jumanne mchana, nikiwa ubaoni, mwalimu mwenzangu wa darasa la pili alikuja kuniambia nyumbani wananitaka. Nilikimbia na chaki mkononi. Jirani alikuwa ameketi uani kwetu, hajafika hata kwake, mizigo yake imemzunguka, na sauti yake ya kengele imerudi yote. Mapajani kwake kulikuwa na mipira miwili: wetu, na mwingine wa kutoka gari lililokufa Kigoma. Ulikuwa umepauka, ulikuwa na jina la mtu limeandikwa kwa rangi nyeupe, lakini ulipinda kushoto, kisha chini.

"Nilishuka nayo mukononi," akasema. "Kulala, nalala nayo. Kula, nakula nayo. Ku mashua walisema nimeoleka na mupira."

Nilimwomba msamaha kwa maneno ya siku ile. Akanipiga begani kwa nguvu ya kutosha kuonyesha kwamba hakusahau, lakini amesamehe. Papa hakutungoja. Alikuwa tayari ameinama ndani ya gari, na mikono yake ilifanya kazi ile bila kutuuliza kitu: upande wa chujio, upande wa kabureta, pete ya chuma, bisibisi.

"Imeingia," akasema. Hakusema itaenea.

Tuliondoka kesho yake asubuhi, nikiwa nimemwomba mkuu wa shule ruhusa kwa uongo ambao nimeshaungama. Safari ilituchukua siku mbili. Siku ya kwanza vumbi lilitufuata, jekundu, limejaa hadi kwenye kope, na injini ikavuta pumzi yake safi pasipo kulalamika. Siku ya pili mvua ilitufuata badala ya vumbi. Tulivuka daraja moja la magogo, na nilipotazama nyuma maji yalikuwa yanapita juu yake. Sikumwambia Papa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaisikiliza injini mlima mzima, na midomo yake ikichezacheza kila nilipobadilisha gia vibaya.

Tulifika siku hiyo ya pili saa nane mchana, jua limetoka kidogo kati ya mvua mbili. Shangazi alikuwa mbele ya nyumba yake anaanua maharagwe. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka. Alipomtambua aliyeshuka garini aliachia ungo, akapiga vigelegele, akalia, akamgombeza, yote kwa pamoja.

"Mudogo yangu! Miaka yote hii! Ulisema yaya yako alishakufa?"

Papa aliomba kiti. Nikamletea kigoda. Akakataa kukaa kivulini. Akataka wakae juani, yeye na dada yake, magoti yakigusana. Kisha akaanza kumtazama. Alianza kwenye kidevu, akakaa hapo. Akapanda mdomoni, akakaa. Shavu moja, halafu jingine. Pua. Kichwa chake kilisogea taratibu sana, kidogo kidogo.

Shangazi akashindwa kuvumilia.

"Unaniangalia nini hivi, kama muntu anataka kununua mbuzi?"

"Nyamaza kidogo, yaya," Papa akasema. "Bado sijamaliza."

Shangazi akanigeukia mimi kutaka kuuliza, akasoma usoni mwangu kwamba macho ya mdogo wake yanafunga. Akamrudishia Papa uso wake na kuutuliza juani. Macho ya Papa yakapanda, nyusi, paji la uso, mpaka yakafika kwenye kitambaa alichojifunga kichwani. Hapo shangazi, bila kuambiwa na mtu, akainua mikono yake miwili akakifungua, ili Papa aone na nywele.